Nyumba Kabla ya Harusi: Mwalimu Nyerere na Mwaka 1953



Kila mwaka katika kijitabu hiki tunaeleza habari za mtu mmoja wa zamani ambaye maisha yake yana la kutufaa. Safari hii tumemchagua mtu ambaye kila mmoja anamjua, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Habari za Ikulu tutaziacha, kwa kuwa zimeandikwa sana. Tunataka kueleza alivyooa, na miaka michache iliyofuata, alipokuwa mwalimu mwenye mke, watoto na mshahara usiotosha.

Sababu ya kumchagua tuiseme mapema. Sisi wa upande wa fedha ndio tunaoshika daftari la chama, na wengi wetu pia tumeshika daftari za kamati za harusi hapa mjini. Tunajua kadi ipi inajibiwa kwa wiki moja na ipi inakaa droo mpaka mwaka unaisha.

Mwalimu alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Baba yake alikuwa amekwisha kumposea binti mwingine angali kijana, na ng'ombe wakatolewa, kama ilivyokuwa desturi. Ndoa ile haikusimama. Alipokuwa akifundisha Tabora baada ya kutoka Makerere ndipo alipomchagua mwenyewe Maria Gabriel, mwalimu wa shule ya msingi aliyesomeshwa na masista wa Sumve. Uchumba ulifungwa kabla hajaondoka mwaka 1949 kwenda kusoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, kule Scotland. Maria akabaki akimsubiri kwa miaka mitatu, na habari zikienda na kurudi kwa barua.

Alirudi Oktoba 1952 na shahada. Watanganyika wenye elimu ya namna hiyo walikuwa wakihesabika kwa vidole. Mtu angetazamia sherehe kubwa, na kijiji kingeielewa. Yeye alikwenda Butiama akaanza kujenga nyumba ya kumpeleka mke wake. Alikanyaga udongo, akafyatua matofali na kuyapanga kwa mikono yake mwenyewe, na watu walishangaa, maana msomi wakati ule alitazamiwa kukaa kivulini na kuagiza. Wenzetu waliokulia kwenye tembe wanaijua kazi ya udongo, haina heshima ya kumwonyesha mgeni. Lakini siku ya ndoa ilipofika nyumba ilikuwa imesimama.

Ndoa ilifungwa Musoma tarehe 24 Januari 1953, kanisani, ndoa ya walimu wawili. Kwa namna tunavyoona, utaratibu wa matumizi ulikuwa sahihi: kile kitakachobaki kilitangulia, na kile cha siku moja kikafuata kwa kadiri ya uwezo.

Baada ya hapo Mwalimu akaanza kazi Pugu, katika shule ya Mtakatifu Francis. Hapa tunaingia sisi wa Gulwe, ijapokuwa kwa mbali. Msafiri wa miaka hiyo kutoka Musoma kwenda Pugu alipanda meli hadi Mwanza, kisha treni kupitia Tabora na Dodoma, akashuka bonde la Mkondoa hadi Kilosa na Morogoro. Njia hiyo haina pa kuikwepa Gulwe. Reli ni ile ile ambayo mafuriko huivunja kati yetu na Kilosa tukakatika na dunia. Wazee wetu waliouza kuku na karanga pale stesheni miaka ile walihudumia abiria wengi wasiowajua majina.

Maisha ya Pugu hayakuwa ya anasa. Mwafrika mwenye shahada alilipwa pungufu ya Mzungu mwenye shahada hiyo hiyo, na jambo hilo lilimkera Mwalimu. Aprili 1953, miezi mitatu tu baada ya harusi, akachaguliwa rais wa Chama cha Waafrika wa Tanganyika. Tangu hapo siku za mapumziko hazikuwa zake. Kutoka Pugu hadi mikutano ya Dar es Salaam ni kama kilomita 20, na mara nyingine alizikata kwa miguu. Julai 7, 1954 TANU ikazaliwa. Watoto nao walikuwa wameanza kuja, na aliyebaki nao nyumbani ni Mama Maria. Historia hupenda kuandika hotuba, ikasahau nani alichota maji.

Machi 1955 Mwalimu alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York. Nauli yake ilitokana na michango ya wanachama, watu wa kipato cha chini waliotoa walichokuwa nacho. Aliporudi alitakiwa achague kati ya ualimu na siasa. Akaacha kazi mwezi huo huo.

Tukitazama kwa macho ya kazi yetu, huo ulikuwa uamuzi wa kutisha: mtu wa miaka 32, ndoa ya miaka miwili, watoto wadogo, mshahara umekatika. Walirudi nyumbani Musoma, naye akapata riziki kwa kumfundisha padre wa Maryknoll Kizanaki na kufanya tafsiri. Kabla mwaka haujaisha alikuwa Dar es Salaam tena kukijenga chama. Mama Maria alifungua duka dogo la mafuta ya taa ili nyumba iwe na chakula. Baadaye walijenga Magomeni, na nyumba ile sasa ni makumbusho. Wakati huo wote hakuna aliyejua kama Uhuru ungekuja 1961 au ungechelewa miaka ishirini.

Hatusemi watu wasifanye harusi. Nasi tulifanya, tukacheza. Wagogo hatukuanza jana kuchangiana: mahari ya kijana ilikusanywa kwa ndugu wa kuumeni na wa kukeni, ng'ombe huyu kwa mjomba, mbuzi wale kwa baba mdogo. Tofauti ni kwamba wale ng'ombe waliingia zizini wakazaa. Michango ya siku hizi, ukijumlisha kicheni pati, sendofu na harusi yenyewe, mingi huishia kwenye ukumbi, mapambo na vyombo vya muziki, na Jumatatu maharusi wanaanza maisha kwa kutafuta kodi ya chumba. Mmoja wetu alifunga hesabu ya harusi ya namna hiyo, akakuta deni la vinywaji ndilo zawadi ya kwanza ya wanandoa. Hatumcheki, maana kamati ile tulikuwamo.

Mwalimu alirudi tena kwenye udongo akiwa Rais. Mwaka 1971, wakati wa kuanzisha vijiji vya Ujamaa mkoani kwetu, alikaa Chamwino akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Yapo mengi ya operesheni ile ambayo wazee wetu hawakuyafurahia, hasa kuhamishwa kutoka kwenye mashamba na makaburi yao, na wana haki ya kuyasema. Ila kuhusu matofali hakutuma mtu.

Nyumba yetu ya walimu imefika kwenye lenta. Mwalimu mmoja kijana ameoa mwaka huu na bado amepanga chumba kimoja, mke wake yuko kwa wazazi. Kinachohitajika ni mbao, mabati, milango na saruji ya sakafu, na orodha imo ukurasa wa nyuma pamoja na nafasi ya kuandika ahadi. Mwenye ukoo unaopanga harusi mwaka huu aje tuzungumze, daftari zote mbili tunazo.