Mfahamu Pio Gama Pinto, mheshimiwa aliyehudumu bila kutafuta kamera

Ukipanda matatu mjini kuelekea Westlands Ijumaa jioni, huenda akili yako iko kwa muziki na mahali mtakapokutana na marafiki. Lakini katika mtaa huo huo, asubuhi ya Februari 24, 1965, mbunge wa miaka 37 alipigwa risasi ndani ya gari lake, karibu na lango la nyumba yake. Bintiye mchanga alikuwa kiti cha nyuma.

Mbunge huyo ni Pio Gama Pinto. Kama hujawahi kusikia stori yake, usijilaumu. Wengi wetu shuleni tulipitishwa jina hilo mbio mbio.

Pinto alizaliwa hapa Nairobi Machi 31, 1927, wazazi wake wakiwa Wagoa. Alipelekwa India kusoma akiwa mdogo. Akiwa kijana kama wewe, alijiunga na harakati za kuwang'oa Wareno kule Goa. Walipoanza kumsaka, akarejea Kenya mwaka wa 1949.

Siku hizi unajua mheshimiwa akija mtaani inakuwaje: msafara wa magari, mahema, vipaza sauti na mpiga picha. Pinto alikuwa mtu wa vikao vidogo. Ungemkuta kwa mikutano ya wafanyakazi, kwa ofisi za magazeti, au Desai Memorial Hall katikati ya jiji. Wakoloni walipowakamata viongozi mwaka wa 1952, alihangaika kutafuta mawakili wa kuwatetea na msaada wa familia zilizoachwa.

Januari 1954 alimuoa Emma. Miezi mitano tu baadaye, naye akakamatwa. Alizuiliwa kisiwani Manda, kule Lamu, kisha akapelekwa Kabarnet, na hakuwa huru hadi 1959.

Wewe ungetoka ukapumzike, sivyo? Yeye alirudi kazini. Aliwasaidia waliotoka kizuizini wakiwa mikono mitupu, akakifanyia KANU kampeni na kuendesha magazeti yaliyounga mkono chama. Alishiriki pia kuanzisha Taasisi ya Lumumba ya kufunza makada wa chama. Julai 1964 akaingia bungeni.

Msimamo wake ulikuwa mmoja: uhuru una maana gani ikiwa aliyeupigania hana hata kipande cha shamba? Swali hilo liliwakera wakubwa waliokuwa wameanza kujigawia ardhi. Miezi saba baada ya kuwa mbunge, akauawa.

Kisilu Mutua alihukumiwa kwa mauaji hayo, akatoka gerezani mwaka wa 2001, akishikilia miaka hiyo yote kwamba hakuua. Waliopanga njama hawajawahi kufikishwa kortini. Emma alihamia Canada na watoto.

Ukipata nafasi wikendi, tembea hadi City Park, Parklands, si mbali na Westlands. Pinto amezikwa hapo. Karibu naye amelala rafikiye Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais, ambaye alitaka azikwe karibu na Pinto.

Na siku mheshimiwa wako atakapokuja mtaani na mahema yake, piga makofi ukitaka. Lakini muulize pia: kamera zikizimwa, wewe huwa unaenda kumtembelea nani?