Rebmann wa Rabai na theluji iliyokataliwa

Krapf twamjua sote kwa kamusi yake ya Kiswahili. Mwenziwe wa Rabai, Johannes Rebmann, husahauliwa, nami naona si haki. Alizaliwa Gerlingen, Ujerumani, mwaka 1820, akafika Rabai mwaka 1846 kwa kazi ya umisheni.

Aprili 1848 alishika njia ya Uchaga, akiongozwa na Bwana Kheri, Mswahili aliyezijua njia za bara. Tarehe 11 Mei aliona weupe kileleni mwa Kilimanjaro, akadhani ni wingu. Kiongozi wake aliuita weupe ule baridi, basi. Mwanaisimu hawezi kulipita neno hilo hivi hivi. Mtu wa pwani, aliyezoea joto la Mombasa na Malindi, alikitaja kitu kigeni kwa athari yake mwilini; hakutunga hekaya yoyote. Rebmann, aliyekulia penye theluji, akaelewa.

Habari hizo zilichapishwa Uingereza mwaka 1849. William Desborough Cooley, bingwa wa jiografia ambaye hakuwahi kuikanyaga nchi hii, alizikataa katakata: theluji karibu na ikweta haiwezekani. Wasomi wengi wakamwamini yeye. Ikiwa ushahidi wa mmishonari uliitwa njozi, sembuse wa Bwana Kheri! Baron von der Decken alikwenda mlimani mwaka 1861 na tena 1862, akaithibitisha theluji. Cooley hata hapo hakusalimu amri.

Rebmann alibaki Rabai akikusanya msamiati wa lugha za Wamijikenda, na wa Kinyanja pia, huu kutoka kwa mtu aliyeletwa pwani utumwani. Mkewe, Emma, alifariki mwaka 1866. Macho yakafifia hata akawa kipofu, naye hakuondoka hadi 1875. Alikufa Korntal, Ujerumani, Oktoba 1876, kabla kamusi zake hazijachapishwa.

Mlima ule wa mita 5,895 Tanzania iliufanya hifadhi ya taifa mwaka 1973, na UNESCO ikautia katika urithi wa dunia mwaka 1987. Sheria hizo hazizuii jua: zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwako mwaka 1912 imekwisha kutoweka. Weupe uliobishaniwa London waelekea kuisha kweli. Ningependa wanafunzi wa Kilifi wanaopelekwa kulitazama kanisa kuukuu la Rabai, ambalo sasa ni makumbusho, watajiwe na jina la Bwana Kheri.