Padre Dick Sheppard na Mlango Usiofungwa

Kila mwaka tarehe 11 Novemba Kanisa humkumbuka Mtakatifu Martin, Askofu wa Tours, yule askari aliyelikata joho lake vipande viwili akampa nusu maskini aliyekuwa akitetemeka kwa baridi. Wengi wetu tunaijua habari hiyo tangu utoto. Lakini kuisikia ni kitu kimoja, na kulikata joho ni kitu kingine. Kwa hiyo tumeona vema kuwasimulieni, ndugu wasomaji, maisha ya kasisi mmoja wa Kianglikana aliyekabidhiwa kanisa lenye jina la mtakatifu huyo, akatambua kwamba jina lililoandikwa ukutani halimkingi mtu baridi.

Jina lake kamili ni Hugh Richard Lawrie Sheppard, lakini watu wa London, wakubwa kwa wadogo, walimwita Dick tu. Alizaliwa tarehe 2 Septemba 1880 huko Windsor, penye ngome ya wafalme wa Uingereza, kwa maana baba yake alikuwa kasisi katika kanisa la kifalme la Mtakatifu George. Hakulelewa katika dhiki. Alisoma Marlborough, kisha Chuo Kikuu cha Cambridge. Vita vya Waingereza na Makaburu vilipopiganwa Afrika Kusini alijitolea kwenda, lakini akiwa njiani kwenda stesheni ya treni alipata ajali iliyomwachia kilema cha maisha. Hivyo hakuiona vita ile.

Baada ya masomo alikwenda kukaa Oxford House, katika mtaa wa Bethnal Green, mashariki ya London. Hapo vijana waliosoma walikaa pamoja na watu maskini, wakaendesha vyama vya wavulana na wanaume wa mtaa. Alikuwa pia karani wa Cosmo Gordon Lang, aliyekuwa Askofu wa Stepney na ambaye baadaye alikuja kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Mwaka 1907 Dick Sheppard akapewa daraja takatifu. Bethnal Green ilimfundisha kwamba maskini hatafuti kwanza kuhubiriwa; hutafuta kwanza kujulikana jina lake. Lakini huko huko ndiko ulikoanza udhaifu wa mwili wake. Hakujua kusema hapana kwa mtu yeyote, na zaidi ya mara moja kazi ilimshinda akaanguka kitandani. Pumu nayo ilimsumbua mpaka mwisho.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, alikwenda Ufaransa kuwa kasisi katika hospitali ya askari. Alikaa miezi michache tu, akikesha kando ya vitanda vya vijana waliokuwa wakikata roho. Novemba mwaka ule ule akarudi London kupokea kazi mpya, nayo ni parokia ya St Martin-in-the-Fields.

Kanisa hilo, lililomalizwa kujengwa mwaka 1726, liko kando ya uwanja wa Trafalgar, katikati kabisa ya jiji. Ni parokia ya ajabu. Jumba la mfalme la Buckingham limo ndani ya mipaka yake. Na humo humo zimo hoteli kubwa, majumba ya michezo, na watu waliokuwa wakilala katika vizingiti vya milango na kwenye mabenchi kando ya mto Thames. Jumapili waumini waliokuja walikuwa wachache mno kwa kanisa kubwa namna ile. Padre mpya aliwaeleza maono yake: aliona watu wa kila namna, wenye cheo na wasio na kitu, wakipanda ngazi za kanisa na kuingia wamechoka, kisha wakatoka wakiwa na tumaini.

Maono ni mazuri, lakini padre huyu hakuishia kwenye maono. Alifanya jambo moja dogo lililoleta makubwa: aliagiza milango ya kanisa isifungwe, mchana wala usiku. Karibu na hapo iko stesheni ya Charing Cross, ambako treni zilileta askari kutoka vitani na kuwapeleka tena. Vijana hao walifika usiku wa manane, wamejaa matope, hawana pa kwenda. Chini ya kanisa kulikuwa na vyumba vikubwa vya mawe vilivyotumika zamani kuzikia wafu. Padre Sheppard akavifungua ili walio hai wapate mahali pa kulala. Walipokuja wasio na makazi, wanaume kwa wanawake, hawakuulizwa kama wamebatizwa, wala kama umaskini wao ni kosa lao.

Hatuna haja ya kufichana. Mtu aliyelala nje miezi mitatu haji kanisani akinukia manukato. Wengine huja wamelewa, na wengine hawana hata neno la shukrani. Nani kati yetu angependa kukaa naye benchi moja siku ya Pasaka? Padre Sheppard aliyajua hayo yote, na bado aliamini kwamba Kanisa linalomchagua mgeni wake halijamfahamu Bwana wake.

Tena hakutaka kazi ya vyumba vya chini itengwe na ibada ya juu. Alifupisha mahubiri, akatumia maneno ya kila siku, akaandika na kuhariri gazeti la parokia, St Martin's Review, lililosomwa na watu wengi nje ya parokia yake. Mwaka 1917, pamoja na William Temple, alianzisha harakati za kutaka Kanisa la Uingereza lipate uhuru wa kuendesha mambo yake, na walei wawe na sauti. Sheria ikapitishwa mwaka 1919. Na tarehe 6 Januari 1924, sikukuu ya Epifania, ibada ilitangazwa kwa redio kutoka St Martin's. Ilikuwa mara ya kwanza kwa shirika la BBC kutangaza ibada kutoka kanisani, na wagonjwa na wazee wasioweza kutoka nyumbani wakasali pamoja na watu wa St Martin's. Tangu miaka ile ya 1920 mchango wa Krismasi wa kanisa hilo kwa ajili ya wenye shida umekuwa ukitangazwa redioni.

Mwaka 1925 alipinga hadharani dansi kubwa iliyopangwa kufanyika London usiku wa tarehe 11 Novemba, siku ya kukumbuka mwisho wa vita. Aliona si haki watu wacheze usiku ule, hali wajane wanalia na askari wa zamani wanaomba kazi barabarani. Dansi ikaahirishwa, na mahali pake ikafanyika ibada ya ukumbusho.

Lakini mshumaa unaomulika pande zote huisha upesi. Mwaka 1926 ugonjwa ulimlazimisha kuiacha St Martin's. Mwaka 1929 akafanywa Dekani wa Canterbury, na mwaka 1931 akajiuzulu kwa sababu hiyo hiyo. Baadaye akawa Kanoni wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo. Mwaka 1934 aliwaomba wanaume wa Uingereza wamwandikie postikadi kuahidi kwamba wameikataa vita na hawataiunga mkono tena. Postikadi zikaja kwa maelfu. Wakristo wengi hawakukubaliana naye, hata rafiki yake Temple, kwa maana waliuona uovu uliokuwa ukikua Ujerumani. Sisi hatumhukumu. Tunaona tu kwamba aliyewauguza askari chini ya kanisa hakuweza kuvumilia kuona wengine wakipelekwa kule kule.

Nyumbani mwake mlikuwa na huzuni pia. Mke wake, aliyemwoa mwaka 1915 na kuzaa naye mabinti wawili, alimwacha mwaka 1937. Aliyewafungulia wote mlango akabaki peke yake. Oktoba mwaka ule wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Glasgow walimchagua kuwa Rekta wao, akamshinda hata Winston Churchill. Siku chache baadaye, tarehe 31 Oktoba, alikutwa amefariki mezani pake pa kuandikia. Umri wake ulikuwa miaka 57.

Mwili wake ulilazwa St Martin's, na mlango, kama desturi, ukaachwa wazi. Watu wapatao 100,000 walipita kumwaga, matajiri na wale wa mabenchini katika mstari mmoja. Alizikwa Canterbury, katika ua wa Kanisa Kuu.

Kazi haikufa naye. Katika Vita Kuu ya Pili vyumba vile vya chini vilikuwa kimbilio la watu mabomu yalipoanguka. Mwaka 1948 kanisa lilianzisha idara ya kuwahudumia wenye shida, na mwaka 2003 huduma hiyo iliungana na nyingine ya jirani kuwasaidia wasio na makazi kupata matibabu, kazi na nyumba.

Basi ndugu, tufikiri. Sisi tuna makufuli na walinzi, na sababu zetu tunazijua: wezi wapo, na vyombo vya altare si mali ya kuchezea. Hatusemi milango iachwe wazi bila busara. Lakini mtu anayelala barazani penye maduka hawezi kula sababu zetu. Kama mlango wa kanisa hauwezi kufunguliwa usiku, je, hakuna chumba, hakuna blanketi, hakuna mlei mmoja wa kumuuliza jina lake? Halmashauri ya parokia na ilizungumze hilo kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Martin. Na Mungu, ambaye Mwanawe alikosa nafasi katika nyumba ya wageni, atupe moyo wa kulikata joho.