Bwana Wells na Askari wa Inchi Mbili

Wengi wetu tukilisikia jina la H. G. Wells twazikumbuka hadithi zake za ajabu: ile mashine ya kusafiria nyakati aliyoitunga mwaka 1895, na wale viumbe wa Mirihi walioishambulia dunia katika kitabu cha 1898. Leo nataka kumtaja kwa jambo ambalo wengi hulipuuza. Huyu bwana, mtu mzima mwenye masharubu na sifa zake duniani, alikuwa akilala kifudifudi sakafuni akipiga vita kwa askari wa risasi.

Alizaliwa Bromley, Uingereza, tarehe 21 Septemba 1866. Babake alikuwa na duka la vyombo vya udongo na vifaa vya kriketi, duka lisilo na faida. Mwaka 1874 mtoto alivunjika mguu, akawa hana la kufanya kitandani ila kusoma. Mamake baadaye akawa msimamizi wa watumishi katika jumba la matajiri liitwalo Uppark, na kijana akatiwa kazini katika duka la nguo. Kazi hiyo aliichukia mno. Akajikwamua kwa masomo, na mwaka 1884 akaingia chuo cha sayansi jijini London, akafundishwa na Profesa Huxley.

Alipata watoto wawili wa kiume kwa mkewe Jane, mmoja mwaka 1901 na wa pili 1903. Kwa michezo yake na watoto hao aliandika vitabu viwili: Floor Games mwaka 1911, na Little Wars mwaka 1913. Katika kile cha kwanza alilalamika kwamba wauza vichezeo wamejaza maduka askari watupu, wala hawauzi raia wa kutosha. Mji gani huo usio na mchinjaji wala tarishi? Tena aliwashauri wazazi washike upana mmoja tu wa reli, ili reli za mwaka huu ziungane na za mwaka ujao.

Ushauri huo, kwa maoni yangu, una uzito kuliko unavyoonekana. Askari wake walikuwa wa kiwanda cha Britains, kimo chao milimita 54, yaani inchi mbili na kidogo. Mtu wa kawaida akipunguzwa mara 32 hufika hapo. Treni inayolingana naye ni ile ya reli yenye upana wa milimita 45. Ukimpeleka kwenye treni ndogo za reli ya milimita 16 na nusu, ambazo Waingereza huzipunguza mara 76, mambo huharibika. Mimi nimepiga hesabu: behewa la kimo cha mita 3.8 hugeuka milimita 50, na askari wetu akisimama kando yake hulipita paa! Huyo si askari tena, ni zimwi. Kwa treni hizo yafaa askari wa milimita 23 hivi. Wa 25 naye hupita, mradi kibao alichosimamia kiwe chembamba.

Miti haina taabu. Nani ajuaye umri wa mti wa kuchezea? Hata kilima hupita. Lakini mlango, ngazi na kiti haviwezi kusema uongo, kwa kuwa kila mmoja wetu avijua kwa mwili wake.

Wells hakuwa mtumwa wa rula, hata hivyo. Nyumba zake zilikuwa za makaratasi na matofali ya mbao, miti yake vijiti vya bustanini. Alichokishika sana ni sheria: askari wa miguu aenda futi moja, mpanda farasi futi mbili, na mzinga haupigi bila watu wanne kuwa karibu nao. Mizinga yenyewe ilikuwa ya kamani, ikirusha kijiti, na mpigaji hodari aliweza kumwangusha askari kwa umbali wa yadi tisa.

Mwishoni mwa kitabu chake alieleza kwamba yeyote aliyecheza mchezo huu ataona jinsi vita vya kweli vilivyo upumbavu mkubwa. Haukupita mwaka mmoja na ushei, Agosti 1914, Ulaya ikawaka moto. Wells mwenyewe, ajabu, aliviunga mkono vita hivyo, akidai vitakomesha vita vyote. Sioni njia ya kumtetea hapo.

Mwaka 1934 alishiriki kuanzisha chama cha wagonjwa wa kisukari, maradhi yaliyomsumbua yeye mwenyewe. Vita vya pili vilipofika alikataa kuihama nyumba yake London, mabomu yakianguka. Alifariki humo tarehe 13 Agosti 1946. Kwa desturi ya baadhi ya watu wa huko mwili wake ulichomwa, na majivu wanawe wakayatupa baharini.