Krapf: Hasara Iliyofufuka

Wapendwa, Pasaka hii tumkumbuke mmishonari Ludwig Krapf. Alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Mwaka 1849 alikuja huku Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba. Aliporudi 1851, Kivoi aliuawa na majambazi karibu na mto Tana. Krapf akatoroka peke yake kwa njaa na kiu. Na aliyebatizwa kwanza? Mringe, mlemavu aliyekaribia kufa. Kibiashara, hiyo ni hasara tupu. Lakini ubatizo wenyewe ni kuzikwa na Kristo ili tufufuke naye (Warumi 6). Ndugu, kama uliingia majini ukitarajia faida ya haraka, usikate tamaa: alichopanda Krapf kwa machozi, Mwingi tunavuna leo.