Haroun Tazieff: mutu wa bati aliyegeukia mulima

Hapa Murara ukichimba fondasyo ya nyumba, unagonga jiwe la Nyiragongo mbele ya kupata udongo. Mutu mumoja aliyelisomea jiwe lile kwa muda murefu alitokea kwenye madini, kama sisi.

Haroun Tazieff alizaliwa Varsovie mwaka 1914. Baba yake, munganga, alikufia kwenye vita kubwa ya kwanza. Mama akamupeleka Ubelgiji angali mutoto. Alisoma kilimo kule Gembloux, kisha jioloji ya madini kule Liège, akamaliza 1944. Vita ilipoisha akakuja Katanga, kwenye bati. Kazi ya kujua mushipa wa kasiteriti unapita wapi, wachimbaji munaijua.

Mwaka 1948 service ya jioloji ya Kongo ilimutuma huku Kivu: Kituro ilikuwa imelipuka ubavuni mwa Nyamulagira. Alikuwa hajasomea volkano. Ni jioloji ya madini ndiyo ilimupa macho. Mwaka ule ule akachungulia ndani ya Nyiragongo, akaona ziwa la moto likichemka. Hakuacha tena mulima. Alirudi mara nyingi, akashuka ndani na kamba, akapiga filme.

Halafu ile ya Paris. Kule aliongoza service ndogo ya volkano. Mwaka 1976 mulima wa Soufrière, Guadeloupe, ulitisha, watu zaidi ya 70.000 wakahamishwa. Yeye alisema hakuna hatari ya kuua. Wakubwa wakakasirika, wakamutoa ukubwani. Soufrière haikuua mutu. Lakini service ndogo iko hivi: inasimama juu ya watu wachache, ukitoa mumoja kila kitu kinayumba.

Tarehe 10 Januari 1977, Nyiragongo ilipasuka mbavuni. Ziwa lote likamwagika kwa muda usiofika saa moja, likaua watu kwenye vijiji vya kaskazini ya Goma. Tazieff akakuja kupima lava.

Alikufa Paris, Februari 1998. Miaka ine nyuma yake, tarehe 17 Januari 2002, lava ikapasua muji wetu mpaka ziwani.

Siku hizi tunasikia wazazi wakimwambia mutoto aache jioloji, wanafunzi ni kidogo, labo haina kitu, afazali asome droit. Na wakubwa wa unive nao wanahesabu vichwa, wanaona darasa la watu wachache ni hasara. Tazieff alitoka kwenye darasa la jioloji. Mulima, wenyewe, ungali unatoa moshi pale juu.