Ernst May, Mjerumani aliyejali hatua za mpishi

Ziwani tunajua hesabu ya chumba kimoja: pazia katikati, kitanda huku, meko na ndoo kule, na sufuria mpya ikiingia, kitu lazima kiende chini ya kitanda. Hesabu hiyo ilimsumbua Ernst May pia.

Alizaliwa Frankfurt 1886. Toka 1925 alisimamia ujenzi wa jiji hilo, na nyumba zaidi ya 10,000 zikajengwa. Msanifu wake, Margarete Schütte-Lihotzky, alihesabu hatua za mpishi, kisha 1926 akachora jikoni ya upana usiotimia mita 2. Ndani mna sinki, meza ya kukatia dirishani, ubao wa pasi unaokunjwa ukutani. Droo ya unga ni mti wa mwaloni, maanake wadudu hawaupendi. Hata wadudu walifikiriwa!

1930 May alienda Urusi kupanga miji. Hitler aliposhika nchi, kurudi kukawa hatari, akaja Tanganyika kulima kahawa, halafu akafungua ofisi hapa Nairobi. Vita vilipoanza Waingereza wakamfunga, eti ni Mjerumani.

Hapa ndipo namkasirikia. Mtu aliyekimbia Wanazi alipewa kazi ya kupanga Kampala 1945, naye akachora mitaa iliyotenga watu kwa rangi. Alirudi kwao miaka ya 1950, akafa Hamburg 1970.

Ila ule ubao wa kukunja sitauacha. Fundi wa Gikomba anakutengenezea: bawaba mbili, mnyororo, umalize kukata sukuma, uuinue ukutani, kisha utandike godoro la watoto.